Kitufe, neno lililofichwa au jicho? Njia tatu za kuchunguza usomaji wa maneno ambatani

Msomaji anapokutana na neno ambatani, yaani neno lililoundwa kwa kuunganisha maneno mawili, kama askarikanzu, katikati ya habari ya gazeti, yapo mambo mawili yanayoweza kutokea kichwani mwake. Huenda neno lote limehifadhiwa kama lilivyo, naye analichukua kwa mkupuo mmoja. Au huenda anaona askari, kisha kanzu, halafu anaviunganisha ndipo amfikie yule polisi asiyevaa sare. Wanasaikolojia wa lugha wamebishania jambo hili kwa karibu nusu karne. Marcus Taft na Kenneth Forster walisema, katika makala zao za 1975 na 1976, kwamba neno lenye sehemu nyingi huvunjwa kwanza. Brian Butterworth mwaka 1983 akatetea upande wa pili: kila neno lina nafasi yake kwenye kumbukumbu, likiwa zima. Robert Schreuder na Harald Baayen mwaka 1995 wakaziachia njia zote mbili zikimbie sambamba, na itakayotangulia kufika itategemea neno lenyewe.

Ukizifuatilia makala hizi moja baada ya nyingine, utaona kwamba nadharia iliyoshinda mara nyingi ilibebwa na kifaa kilichotumika. Ndiyo maana mwanafunzi wa umahiri anayetaka kufanya utafiti wa namna hii kwa Kiswahili anapaswa kuamua jambo moja kabla ya kuchagua kambi: atampima msomaji kwa kutumia nini? Njia zinazotumika zaidi ni tatu: kubonyeza kitufe kuamua kama herufi ni neno au si neno, kutanguliza neno lililofichwa, na kufuatilia mwendo wa jicho. Msimamo wangu nautoa mapema ili usinisome kwa kubahatisha. Mwenye kompyuta ya mkononi tu atumie kitufe, na asione haya. Mwenye swali linalohusu kuandika pamoja au kutenganisha, swali ambalo Kiswahili kinaweza kulijibu vizuri kuliko lugha nyingi zilizochunguzwa, atafute mtambo wa kufuatilia macho hata kwa kuazima. Njia ya neno lililofichwa, ambayo vijana wengi huikimbilia kwa kuwa inaonekana ya kitaalamu zaidi, ningeiweka mwisho.

Kitufe: ni neno au si neno?

Alama ya kujumlisha inatokea katikati ya skrini, inatoweka, herufi zinajitokeza. Mshiriki anabonyeza kitufe kimoja kama ni neno la Kiswahili, kingine kama si neno. Kompyuta inahesabu milisekunde. Programu za kuendeshea jaribio hili, kama PsychoPy na OpenSesame, hazilipiwi. Kwa gharama, hakuna njia inayoikaribia hii.

Nguvu yake kubwa iko kwenye maneno ya uongo, na hapa inafaa tuangalie kwa karibu walichofanya Taft na Forster mwaka 1976. Walitunga maneno bandia ya Kiingereza ya aina nne. Katika dustworth, sehemu zote mbili ni maneno halisi yaliyogandishwa pasipo maana. Katika footmilge, ya kwanza tu ndiyo neno. Katika trowbreak, ya pili tu. Katika mowdflisk hakuna hata moja. Yote manne hayapo kwenye lugha, hivyo jibu sahihi ni lilelile: si neno. Lakini washiriki walichelewa kuyakataa yale ya aina mbili za kwanza, huku trowbreak na mowdflisk zikikataliwa kwa muda unaokaribiana. Kama msomaji angekuwa anatafuta neno zima tu, aina zote nne zingemchukua muda sawa. Kuchelewa kunaonyesha kwamba sehemu ya kwanza ilifungua mlango fulani, akaingia, akakuta hamna kitu.

Jaribio hilo unaweza kulijenga kwa Kiswahili ndani ya siku chache: garikanzu, garipwefu, zunekanzu, zunepwefu. Unahitaji kadhaa za kila aina, zenye urefu sawa na idadi sawa ya silabi, zilizochanganywa na maneno ambatani ya kweli na maneno ya kawaida. Mimi ningeanzia hapo hata kama lengo langu la mwisho ni kubwa zaidi.

Udhaifu wake upo palepale kwenye nguvu yake. Maneno bandia uliyoyachagua ndiyo yanayomfundisha mshiriki namna ya kujibu. Ukiweka bandia za ovyo, zisizofanana na Kiswahili, atajibu kwa kuangalia sura tu, wala hatalisoma neno hadi mwisho. Ukiweka bandia zote za aina ya garikanzu, atalazimika kuhakiki muungano wenyewe, na faida ya kuijua sehemu moja vizuri itageuka mzigo. Taft aliionyesha hali hii mwaka 2004 kwa maneno yenye viambishi: kiini kinachotumika sana, ambacho kwa kawaida huharakisha jibu, kiliacha kusaidia, hata kikageuka kikwazo, pale bandia zilipojengwa kwa viini na viambishi vya kweli. Kifaa ni kilekile na lugha ni ileile, ila matokeo yamepinduka.

Kiswahili nacho kina ugumu wake wa ziada. Muundo wa ki- pamoja na kitenzi na nomino bado unazaa: kipimajoto, kiinuamgongo, kivunjajungu, kifunguamimba. Ukitunga kipimakanzu, mshiriki mwenye akili atajiuliza kama si kifaa kipya cha mafundi cherehani, na atabonyeza "ni neno" kwa moyo mweupe. Hajakosea, kwa sababu sarufi yake imemruhusu. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe la nomino mbili zilizounganishwa, na maelekezo yaseme waziwazi "neno unalolijua", siyo "neno linalowezekana".

Jambo jingine ambalo wanaoiga majaribio ya Kiingereza hulisahau ni upande wa kichwa. Katika Kiingereza, Kijerumani na Kifini, sehemu inayobeba aina ya kitu huwa mwisho. Katika Kiswahili huwa mwanzo: garimoshi ni gari, batamzinga ni bata, hatimiliki ni hati. Barbara Juhasz na wenzake mwaka 2003 walipowapima wasomaji wa Kiingereza kwa kusoma kwa sauti, kwa kitufe na kwa macho, sehemu ya mwisho ya neno ndiyo iliyoonekana kuwa na nguvu zaidi. Je, ni kwa sababu iko mwisho, au kwa sababu ndiyo kichwa? Kwa Kiingereza peke yake huwezi kujua. Katika Kiswahili nafasi ya kwanza na kichwa vinakaa pamoja, kwa hiyo ukipata nguvu kwenye sehemu ya kwanza, huna haki ya kusema umethibitisha habari ya nafasi wala habari ya kichwa. Una haki ya kuyaweka matokeo yako kando ya yale ya Kiingereza na kuonyesha yanapotofautiana, na kwa tasnifu ya umahiri huo ni mchango wa kutosha.

Kitufe kina ndugu yake mmoja anayefaa sana kwa maswali ya maana. Unaonyesha neno ambatani waziwazi kwa sehemu ya sekunde, kisha unaonyesha sehemu yake au neno linalohusiana nayo kimaana, na mshiriki anaamua. Pienie Zwitserlood alifanya hivyo kwa Kiholanzi mwaka 1994. Neno ambatani liliharakisha kutambuliwa kwa sehemu zake hata pale ambapo maana ya jumla haihusiani nazo. Lakini alipojaribu maneno yenye uhusiano wa kimaana na sehemu hizo, maneno ambatani yenye maana fumbo kabisa hayakusaidia. Yaani sehemu zinaonekana zote, ila si zote zinaruhusiwa kuleta maana zao. Gary Libben na wenzake mwaka 2003 waliyagawa maneno ya Kiingereza mafungu manne kwa kufuata uwazi wa kila sehemu, yaani kama maana yake bado inaonekana ndani ya neno zima, na wakaona kwamba gharama kubwa inatokea pale kichwa kinapokuwa fumbo. Kwa Kiswahili fikiria pundamilia, ambaye anaonekana kuwa aina ya punda, halafu mfikirie kivunjajungu, mdudu asiyevunja jungu lolote. Kama hamu yako ni tofauti kati ya hawa wawili, njia hii ya kutanguliza neno waziwazi inakutosha.

Neno lililofichwa

Hapa mshiriki anaona safu ya alama kama ###### kwa nusu sekunde, kisha neno tangulizi kwa herufi ndogo linapita kwa milisekunde 40 au 50 hivi, halafu neno lengwa linatokea kwa herufi kubwa. Anaamua kama ni neno. Ukimuuliza baadaye, wengi watakuambia hawakuona kitu katikati, au waliona mmweko tu. Forster na Chris Davis waliieneza njia hii mwaka 1984, na sababu ya kuipenda inaeleweka: mshiriki hawezi kujitungia mbinu kuhusu neno ambalo hajui kama lilikuwepo.

Matokeo mashuhuri zaidi ni ya Kathleen Rastle, Matthew Davis na Boris New, mwaka 2004. Neno la Kiingereza corner, lenye maana ya kona, liliharakisha CORN, lenye maana ya mahindi, ingawa hayana uhusiano wowote leo. Kisa ni kwamba -er linafanana na kiambishi. Brothel halikuisaidia BROTH hivyo, maana -el si kiambishi cha Kiingereza. Robert Fiorentino na Ella Fund-Reznicek mwaka 2009 wakapata jambo la jirani kwa maneno ambatani: yenye maana wazi na yenye maana fumbo yote yaliharakisha sehemu zake, ila maneno yanayofanana herufi tu hayakufanya hivyo. Somo wanalolitoa wengi ni kwamba katika hatua ya mwanzo kabisa jicho na ubongo huvunja chochote kinachoonekana kuvunjika, bila kuuliza maana.

Kwa Kiswahili zipo jozi nzuri mno za kujaribu hili, na ninakiri zinatamanisha. Hatimiliki na HATI upande mmoja, hatimaye na HATI upande mwingine. Maliasili na MALI, dhidi ya malimbuko na MALI. Katika hatimaye na malimbuko herufi zipo ila kinachobaki, -maye au -mbuko, si neno. Msomaji akiwa anavunja kwa umbo, hatimiliki isaidie na hatimaye isisaidie.

Mbona basi naiweka mwisho? Kwanza ni skrini. Skrini nyingi za kompyuta za kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha moja inakaa takriban milisekunde 16.7. Huwezi kuagiza milisekunde 42. Utapata 33 au 50, basi. Kwa skrini ya mara 120, picha tano zinakupa karibu 41.7, na hapo unaanza kuzungumza lugha ya waliotangulia. Tofauti ya picha moja inatosha kumfanya mshiriki alione neno lililopaswa kufichika. Ukiendesha jaribio kwa intaneti kwenye simu za watu, hujui skrini ya nani inafanya nini.

Pili, athari zenyewe ni ndogo, mara nyingi milisekunde kumi, ishirini, thelathini. Marc Brysbaert na Michaël Stevens mwaka 2018 walipendekeza kwamba majaribio ya aina hii yawe na angalau majibu 1,600 kwa kila hali, mathalani washiriki 40 na maneno 40. Washiriki 40 utawapata kwenye darasa moja la mwaka wa kwanza. Maneno ambatani 40 yenye maana fumbo, yanayojulikana na wote, yanayoandikwa pamoja na yenye urefu unaolingana, utayapata wapi? Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu uanze kuhesabu. Utafurahi hadi kumi na tano hivi, kisha utaanza kujidanganya.

Tatu, na hili ni la kitaaluma, njia hii inajibu swali la hatua moja fupi ya mwanzo. Haikuambii msomaji alipataje maana ya neno ndani ya sentensi. Ukiichagua, andika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu yako, usisubiri msimamizi akuulize.

Jicho

Kusoma hakuendi kama mstari unaotiririka. Jicho linatua, linaruka, linatua. Kwa wasomaji wazoefu wa lugha za alfabeti zilizochunguzwa sana, tuo moja huchukua wastani wa milisekunde 200 hadi 250, na mruko mmoja hupita herufi saba hadi tisa. Upande wa kulia wa pale jicho lilipotua, msomaji wa Kiingereza anapata taarifa fulani hadi herufi 14 au 15, ila herufi anazoziona kwa ukali wa kuzitambua ni chache zaidi. Kwa hiyo urefu wa neno unaanza kuwa na maana ambayo kitufe hakiwezi kuionyesha.

Chuo Kikuu cha Turku, Finland, ndicho kilichoifanya kazi hii kuwa yake. Kifini kina maneno ambatani mengi, marefu, yaandikwayo pamoja. Jukka Hyönä na Alexander Pollatsek mwaka 1998 walionyesha kwamba pale sehemu ya kwanza ya neno refu inapokuwa adimu, jicho huchelewa tangu tuo la kwanza kabisa. Halafu Raymond Bertram na Hyönä, mwaka 2003, wakaleta makala ambayo kwangu ndiyo inayopaswa kusomwa kabla ya zote. Walilinganisha maneno ambatani mafupi, ya herufi saba hadi tisa, na marefu ya herufi kumi na mbili na zaidi. Katika marefu, sehemu ya kwanza ilitawala mapema. Katika mafupi, neno zima ndilo lililotawala. Maelezo yao hayana mbwembwe: neno fupi linaenea kwenye eneo ambalo jicho linaona vizuri kwa tuo moja, hivyo linaweza kuchukuliwa zima. Neno refu halienei, na msomaji hana budi kuanza na kile alichokiona. Mjadala wa Taft na Butterworth, ukiutazama kutoka hapo, unapungua ukali. Wote wawili walikuwa sahihi kwa urefu fulani wa maneno.

Sasa hesabu ya kwetu. Mlalahoi ina herufi 8. Garimoshi 9, batamzinga 10, askarikanzu 11, kiinuamgongo 12, kifunguamimba 13. Baadhi ya maneno ambatani yetu yamekaa katikati, kwenye lile pengo kati ya mafupi na marefu ya Turku. Hilo linakera ukitaka kurudia jaribio lao kama lilivyo, na linavutia ukitaka kujua mpaka wenyewe uko wapi.

Lakini zawadi kubwa ambayo Kiswahili kinampa mwenye mtambo wa macho ni nafasi. Albrecht Inhoff, Ralph Radach na Dieter Heller mwaka 2000 walichukua maneno ya Kijerumani ya sehemu tatu, kama Datenschutzexperte, mtaalamu wa ulinzi wa data, wakayaandika kwa kuachanisha sehemu zake. Kijerumani hakiruhusu hivyo. Hata hivyo wasomaji walinufaika: sehemu zilitambulika upesi. Walipofika mwishoni mwa neno, jicho likakaa zaidi, kwa kuwa nafasi ilivunja ishara kwamba vyote hivi ni kitu kimoja. Utafiti ule una doa ambalo watafiti wenyewe wasingeweza kulikwepa, kwamba msomaji wa Kijerumani alikuwa anasoma kosa la tahajia.

Sisi hatuna doa hilo. Bata mzinga na batamzinga, gari moshi na garimoshi, kipaza sauti na kipazasauti, chemsha bongo na chemshabongo, barua pepe na baruapepe: maumbo yote mawili yanachapishwa, wahariri hawajakubaliana, na msomaji hashtuki. Unaweza kumpa mtu mmoja sentensi yenye umbo moja na mwenzake umbo la pili, na hakuna atakayehisi amewekewa mtego.

Na kuna utabiri wa kujaribu. Katika Kijerumani kilichoachanishwa, msomaji anakutana kwanza na vielezaji, na kichwa kinakuja mwisho, kwa hiyo lazima asubiri. Katika gari moshi, kichwa kimekwisha kufika. Alipanda gari tayari ni sentensi kamili, moshi inakuja kupunguza aina ya gari. Upande mmoja hii ni nafuu, hasara ya mwishoni mwa neno waliyoiona Inhoff na wenzake huenda ikawa ndogo kwetu. Upande mwingine ni hatari, kwa sababu msomaji anaweza kuifunga maana mapema, akampa mtu gari la kawaida, kisha alazimike kurudi nyuma. Kurudi nyuma kwa jicho kunapimika. Kwa kitufe hakupimiki hata ufanyeje, kwa kuwa skrini ina neno moja na sentensi haipo.

Gharama sasa. Mitambo inayorekodi mara 1,000 kwa sekunde bei yake ni ya gari, na inahitaji mtu anayejua kuisawazisha kwa kila mshiriki, kidevu kikiwa kimeegemezwa. Ipo ya bei nafuu inayorekodi mara 60, yaani sampuli moja kila milisekunde 17 hivi. Hiyo inaweza kukupa muda wa jumla ambao jicho limekaa juu ya neno refu, lakini usiitumie kudai kwamba jicho limetua herufi ya tatu na si ya tano. Kamera ya kawaida ya kompyuta ya mkononi, ambayo sasa wengi wanaitangaza, itakuambia mtu anatazama upande gani wa skrini. Kwa maneno ya herufi kumi, achana nayo.

Nyingine, kwa haraka

Kusoma kwa sauti kuna mvuto wa urahisi, lakini tahajia ya Kiswahili inafuata matamshi kwa ukaribu mno. Mtu anaweza kutamka zunepwefu bila wasiwasi wala kuijua. Unapima usomaji wa silabi zaidi ya utambuzi wa neno.

Kusoma kwa kubonyeza, neno moja moja, hufaa kwa sintaksia. Kwa suala letu kunakwama mara moja: bata mzinga ni mbonyezo mmoja au miwili? Ukiamua wewe, umeshamjibia msomaji.

Vipimo vya ubongo ni vizuri ukiwa na maabara. Fiorentino na David Poeppel mwaka 2007 walipima usumaku wa ubongo kwa wasomaji wa Kiingereza na wakapata dalili kwamba maneno ambatani huvunjwa mapema, hata yale yaliyozoeleka. Kama huna maabara ya namna hiyo, soma makala yao na uendelee na kitufe chako.

Kinachosumbua njia zote

Jambo la kwanza ni mwana-. Mwanafunzi, mwanasheria, mwanasiasa, mwanajeshi, mwanachama, mwanahabari, mwanaharakati. Ukoo wake ni mkubwa mno, na tangu Schreuder na Baayen walipoonyesha mwaka 1997 kwamba ukubwa wa ukoo wa neno, yaani wingi wa maneno yaliyojengwa juu yake, unaharakisha utambuzi wake, huwezi kuchanganya maneno haya na garimoshi ukadhani unapima kitu kimoja. Tena mwana- linaelekea kuwa kiambishi, na wingi wake unageuka mwanzoni: wanafunzi. Katika mwanamke na wanawake, sehemu zote mbili zinageuka. Ama uyatenge yote yawe kundi lao, ama uyaache nje. Mimi ningeyaacha nje ya jaribio la kwanza na kuyapa jaribio lao peke yao, kwani yana utajiri wa tasnifu nzima.

La pili ni takwimu za matumizi. Hazina ya matini ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, ndiyo mahali pa kuanzia, na toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Sehemu kubwa ni habari za magazeti, hivyo siasa na michezo vitajaa kuliko jikoni na shambani. Na ukitafuta garimoshi bila kutafuta gari moshi utapata idadi ya uongo. Jumlisha maumbo yote, kisha hifadhi idadi ya kila umbo kando, utaihitaji.

La tatu ni washiriki. Tanzania shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, wakati Kenya Kiingereza kinachukua nafasi mapema zaidi kama lugha ya kufundishia. Mwanafunzi wa chuo wa Dodoma na wa Nairobi wanaweza kuzungumza Kiswahili kwa ufasaha sawa, lakini mazoea yao ya kukisoma yakatofautiana sana. Kuwachanganya ili ufikishe 40 ni kujitafutia kesi na mtahini wa nje.

Uchukue ipi?

Kama una muhula mmoja, kompyuta moja na darasa la wanafunzi walio tayari kukaa nusu saa, chukua kitufe na maneno bandia ya aina nne. Usiongeze chochote. Matokeo yatakuwa safi, na kwa Kiswahili yatakuwa na la kusema kuhusu lugha yenye kichwa upande wa kushoto.

Kama moyo wako uko kwenye maana, yaani pundamilia dhidi ya kivunjajungu, chukua kitufe chenye neno tangulizi linaloonekana. Kabla ya hapo wape watu wengine, wasiohusika na jaribio, orodha ya maneno yote wayapime kwa uwazi wa maana kwa alama moja hadi saba. Usiyapime wewe. Mwanaisimu anaona maana hata mahali ambapo mzungumzaji wa kawaida aliacha kuiona zamani.

Neno lililofichwa lichukue kama una skrini ya mara 120, msimamizi aliyewahi kuliendesha, na orodha ya jozi iliyokwisha kukamilika mezani. Pungufu ya hayo matatu, liache kwa ajili ya uzamivu.

Na kama yupo mtu, idara au mradi wowote unaoweza kukuazima mtambo wa macho hata kwa wiki mbili, panga kila kitu kabla haujafika. Tafuta maneno ambatani yanayochapishwa kwa maumbo yote mawili, na kila moja liwe na sentensi yake. Neno lengwa likae katikati ya mstari, lisiwe mwanzoni wala mwishoni, na fonti iwe ile ambayo kila herufi ina upana sawa. Nusu ya washiriki wasome garimoshi, nusu gari moshi, kisha kwa neno linalofuata wabadilishane. Changanya na sentensi nyingine zisizo na neno ambatani, na kila baada ya sentensi chache uliza swali dogo la ufahamu ili watu wasisinzie. Kazi ikiisha, kabla hawajaondoka, wasomee maneno yaleyale kwa imla wayaandike kwa mkono. Anayeandika garimoshi pamoja siku zote hataisoma gari moshi sawa na anayeitenganisha, na karatasi hiyo ya imla itaingia kwenye uchambuzi wako pamoja na milisekunde.